Kudaka pasi za Kimarekani kwa sisi tuliokulia kwenye kandanda

Wadau mlioko Marekani, hii ni ya wale walioingia timu ya flag football (futiboli ya Kimarekani ya kuchomoana vitambaa vya kiunoni badala ya kuangushana) kazini au chuoni wakapangwa risiva, yaani mdakaji wa pasi, kwa sababu tu wana mbio, halafu pasi zote zinawadondoka. Mimi nilikuwa hivyohivyo, msimu wa kwanza kwotabeki, yule mrusha pasi, alikuwa ananiona niko peke yangu kabisa na bado anampa mwingine.

Tatizo letu wengi ni kifua. Umekulia kwenye chandimu, mpira ukija juu mwili wenyewe unatanguliza kifua kuutuliza, sasa huu una ncha mbili kama nazi ambayo haijafuliwa, ukigonga kifua unarukia unakokujua wenyewe na beki anajiokotea. Udake kwa mikono, mbele ya mwili, viwiko vimekunjwa kidogo. Waliowahi kukaa golini na dada zetu wa netiboli hapa mna faida kubwa mno.

Mpira ukija usawa wa kifua au juu zaidi, kutanisha vidole gumba na vya shahada upate kama kidirisha, uichungulie ncha ya mpira humo. Ukija chini ya kiuno geuza, vidole vidogo ndio vikutane, kama unakinga maji ya bomba, na ule unaotokea nyuma ya bega huku unakimbia ni hivyohivyo. Ila vidole visiuelekee mpira moja kwa moja jamani, kikiteguka kimoja hata tonge la ugali utalisikilizia.

Halafu macho. Pasi nyingi rahisi zinadondoka kwa sababu mtu ameshaanza kutafuta pa kukimbilia kabla hajaushika, yaani anakula kuku wakati yai halijatagwa. Uangalie mpaka uingie viganjani, endelea kuuangalia mpaka uubane, ncha moja kiganjani nyingine kwenye kunjo la kiwiko, ndio ukimbie.

Mazoezi hayahitaji hela. Mpira wa tenisi na ukuta, daka kwa mkono mmoja mara 50 kulia, 50 kushoto, kila siku (nje, jirani wa apatimenti asije akaita meneja). Mpira ukiwa mdogo macho yanalazimika kufanya kazi, ukirudi kwenye ule mkubwa unauona kama papai. Jerry Rice, risiva maarufu, alikulia Mississippi, baba yake mwashi, na kaka zake walikuwa wanamrushia matofali adake, akaja kumaliza NFL, ligi kuu ya huku, akiwa amedaka pasi 1,549. Matofali muachieni yeye.

Glavu nunua, zinanata kweli, ila nusu ya mazoezi fanya mikono mitupu zisije zikakudekeza. Mlioko Minnesota mnajua, Novemba kwa baridi mpira unakuwa mgumu kama jiwe, pasha viganja moto kabla hujaingia. Wenye watoto wanaotaka timu ya shule, ulizeni mapema fomu ya kupimwa na daktari, shule nyingi bila hiyo mtoto haruhusiwi hata kufanya mazoezi. Na dogo akianzia flag sio kwamba anapoteza muda, kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028 flag ipo.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia, kwotabeki wa mkono wa kushoto mpira wake unazunguka kinyume, unakuponyoka viganjani wakati umeudaka vizuri tu. Mkipata wa hivyo muombe akurushie pasi 30 hivi kabla ya mechi.