Kabla ya Kutuma Sarafu: Ya Kuzingatia Unapojaribu Huduma ya Kubadilisha Kripto Mtandaoni

Huduma za kubadilisha kripto (sarafu za kidijitali) mtandaoni zimerahisishwa mno. Unachagua sarafu unayotoa na unayoitaka, unabandika anwani ya pochi yako (programu au kifaa cha kutunzia sarafu), tovuti inakupa anwani ya kutuma, basi. Mara nyingi hata akaunti hufungui. Urahisi huo ndio unaowaponza wengi, kwa sababu muamala wa kripto ukishathibitishwa hauna kitufe cha kuurudisha. Kabla ya kutuma, mpini uko mkononi mwako. Ukishatuma, umeshika makali. Karibu kila jambo la maana, kwa hiyo, linafanyika kabla.

La kwanza ni kuhakikisha uko kwenye tovuti yenyewe. Matapeli hulipia matangazo yakae juu ya matokeo ya utafutaji, na tovuti zao hufanana na halisi hadi rangi ya vitufe. Tofauti huwa herufi moja tu kwenye jina. Andika jina la tovuti mwenyewe, lisome herufi kwa herufi, kisha lihifadhi kwenye kivinjari ili usiwe unalitafuta upya kila mara. Na tovuti yoyote inayokuomba yale maneno 12 au 24 ya siri yanayofungua pochi yako, ifunge hapo hapo. Ili kubadilisha sarafu inatosha kuijua anwani yako. Hayo maneno huombwa na mtu anayetaka kukukomba.

Kinachofuata ni bei, na hapa usidanganyike na tangazo la "bila ada". Faida ya huduma huwa imefichwa ndani ya kiwango cha kubadilishia. Njia nzuri ya kuiona ni kuuliza bei ya kubadilisha sarafu ya USDT kwenda ile ya USDC, bila kutuma chochote. Zote mbili zimefungwa kwenye dola ya Marekani, kwa hiyo hakuna hesabu ya kukuchanganya: ukiandika 100 na tovuti ikasema utapokea 96.5, basi 3.5 zimeliwa na huduma pamoja na ada ya mtandao (si intaneti, ni mtandao unaosafirisha sarafu yenyewe). Rudia kwa 1,000. Pengo likipungua kwa asilimia, kilichokuwa kinakula ni ada ya mtandao, ambayo haijali umetuma kidogo au kingi. Likibaki asilimia ile ile, ni mkono wa huduma. Linganisha na huduma mbili au tatu nyingine.

Utaulizwa pia kama unataka bei inayoelea au iliyofungwa. Inayoelea hukokotolewa sarafu zako zinapofika, kwa hiyo unaweza kupata pungufu au zaidi ya ulichoonyeshwa. Iliyofungwa hukupa uhakika, lakini kwa muda maalumu, na mara nyingi huwa ghali kidogo. Muda huo unahitaji kuangaliwa vizuri kama unatuma bitcoin. Bloku moja ya Bitcoin, yaani kifurushi cha miamala inayothibitishwa pamoja, hutoka kwa wastani wa dakika 10, na wastani maana yake ni kwamba wakati mwingine utasubiri nusu saa. Ukiweka ada ndogo wakati mtandao umejaa, muamala wako unaweza kukaa foleni kwa saa nyingi huku dirisha la bei likifungwa. Soma masharti yanasemaje juu ya malipo yaliyochelewa, na vilevile juu ya kiasi cha chini kabisa. Ukituma chini ya hicho, baadhi ya huduma hazibadilishi wala hazirudishi.

Sasa mtandao wa sarafu yenyewe, ambako makosa mengi hutokea. USDT iko kwenye Ethereum, Tron na mitandao mingine kadhaa, na kutuma kwa mtandao usio sahihi ni njia ya haraka ya kupoteza. Anwani ya Tron huanza na T, ya Ethereum huanza na 0x ikifuatiwa na herufi na tarakimu 40, ya Bitcoin huanza na 1, 3 au bc1. Hizo unaweza kuzitofautisha kwa macho. Tatizo ni kwamba Polygon na BNB Smart Chain zinatumia anwani za sura ile ile ya Ethereum, kwa hiyo pochi haina sababu ya kukuonya. Pesa zikiangukia kwenye anwani yako mwenyewe utazifikia. Zikiangukia kwenye anwani ya huduma, unabaki kuwabembeleza wenye huduma. Kwa sarafu za XRP na XLM, angalia kama umepewa namba ya ziada, tegi au memo. Ukiiacha, sarafu zitafika kwenye anwani inayotumiwa na wateja wengi na hakuna atakayejua ni za nani.

Hakikisha pia una cha kulipia ada. Mtu ana USDT tele kwenye Tron lakini hana hata TRX moja, sarafu inayolipia ada za mtandao huo, na kwa kawaida pochi inagoma kutuma. Kwenye Ethereum ni hivyo hivyo na ETH. Bora uligundue hilo kabla saa ya bei iliyofungwa haijaanza kuhesabu.

Anwani inakiliwa na kubandikwa, haiandikwi kwa mkono. Hata hivyo kuna virusi vinavyobadilisha anwani uliyonakili dakika ile ile unayobandika, kwa hiyo ilinganishe baada ya kuibandika: mwanzo, mwisho, na kipande cha katikati. Usinakili anwani kutoka kwenye orodha ya miamala yako ya nyuma, kwani kuna wanaotuma vijisenti kutoka kwenye anwani zinazofanana na zako kwa herufi za mwanzo na mwisho, wakingoja ukosee.

Swali ambalo wengi hawaulizi ni hili: mambo yakikwama, pesa zitarudi wapi? Huduma nyingi zina kisanduku cha anwani ya kurudishiwa. Kijaze hata kama si lazima, na weka anwani ya pochi unayoimiliki. Soma pia sehemu ya ukaguzi. Huduma inaweza kujitangaza kuwa haitaki kitambulisho, kisha ikazuia sarafu zako kwa sababu mfumo wake umeona zilipita mikono inayotiliwa shaka, na hapo ndipo pasipoti inapoombwa. Sera nazo hubadilika: ShapeShift, huduma ya aina hii iliyoanza mwaka 2014 bila kudai akaunti, ilianza kudai utambulisho mwaka 2018. Kama huko tayari kuonyesha kitambulisho, fikiri kwanza. Waandikie wahudumu swali moja dogo kabla hujatuma. Wakikaa kimya sasa, sioni kwa nini watachangamka pesa zikishakuwa kwao.

Kwa masoko yasiyo na mwenyewe, yanayoendeshwa na programu, kama Uniswap, hakuna wa kukuzuilia sarafu lakini pia hakuna wa kumlalamikia. Huko angalia mambo mawili: kiwango cha mteremko wa bei unachokubali (yaani bei ikuendee vibaya kiasi gani kabla muamala haujakamilika), na idhini unayoipa programu ya kuchukua sarafu kwenye pochi yako. Idhini isiyo na kikomo hubaki hai baada ya kazi kwisha, kwa hiyo idhinisha kiasi unachobadilisha tu.

Jaribio la kwanza liwe dogo, juu kidogo ya kiwango cha chini. Piga picha ya skrini ukurasa wa oda ukiwa na namba ya oda, anwani na kiasi ulichoahidiwa, na hifadhi namba ya muamala wako, kwa sababu kurasa hizo hazikai milele. Mbali na kukusaidia kudai, rekodi hizo zina kazi kwenye kodi: Marekani, kwa mfano, imezihesabu sarafu hizi kama mali tangu 2014, na kubadilisha moja kwa nyingine ni tukio la kutolea hesabu hata kama hujagusa dola.