Mafuta ya makonyo kwa vidukari: changanya hivi usiunguze mboga

Makonyo, yale yanayobaki karafuu ikishachambuliwa, hukamuliwa mafuta kwa mvuke kule Pemba. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujinoli, inayoshambulia mishipa ya fahamu ya mdudu ikimgusa. Ikimgusa, basi: vidukari, nzi weupe na utitiri wa bamia, kunde na kabichi watakufa, lakini kantangaze (kiwavi wa nyanya) aliyekwisha kuingia ndani ya jani la nyanya hapatikani.

Kabla ya kununua, dondosha matone kwenye glasi ya maji. Mafuta halisi huzama. Yakielea yametiwa mafuta ya nazi au ya kupikia, yaache.

Kwa lita 1 ya maji, pima mililita 3 za mafuta na mililita 5 za sabuni ya maji ya kuoshea vyombo (si ya unga). Bomba la kupulizia la lita 15 litachukua mililita 45 za mafuta na 75 za sabuni. Usizidishe kwa kudhani utaua haraka: yujinoli ikiwa kali huua hata magugu.

Anza na mafuta na sabuni peke yake, kwenye chupa ya glasi kwa sababu mafuta haya hula baadhi ya plastiki. Koroga vizuri, kisha ongeza maji ya uvuguvugu kidogo kidogo ukitikisa mpaka yawe meupe kama tui jepesi. Hapo ndipo umimine kwenye bomba lililojaa maji nusu, ujazie. Ukimimina mafuta moja kwa moja yatazama, na mrija wa bomba hufyonza kutoka chini: tuta la kwanza litaungua, la mwisho litapata maji matupu. Hata mchanganyiko mzuri hujitenga, kwa hiyo tikisa bomba kila baada ya dakika chache.

Jaribu kwanza mimea mitatu au minne, usubiri siku 2. Kingo za majani zikigeuka kahawia, shuka hadi mililita 2 za mafuta kwa lita. Miche iliyotoka kitaluni juzi na mimea yenye kiu usiiguse kabisa.

Pulizia kuanzia saa 11 jioni, jua limepoa na nyuki wengi wamerudi mzingani. Elekeza nozeli chini ya jani, vidukari wanakojificha. Vaa glavu na miwani, maana dawa hii inachoma ngozi na macho.

Mafuta hupeperuka upesi. Kidukari anayetua kesho hakuti kitu. Rudia baada ya siku 5 hadi 7 ukiwaona tena, na usipulizie shamba lisilo na wadudu waharibifu: utawaua bure wale wadudu wekundu wenye madoa meusi wanaokula vidukari.