Maji yakiingia kwenye mafuta, unapika sabuni wala si biodizeli

Wakulima wa mbono kaburi, faida za biodizeli (dizeli inayopikwa kwa mafuta ya mbegu zenu) mnazijua, na injini ya mashine ya kusaga inaichoma vizuri tu. Kinachowatia hasara ni pipa linalofunguliwa asubuhi likakutwa na uji mzito kama maziwa yaliyoganda. Mtu akiuona huo uji hudhani kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni, yaani hidroksidi ya sodiamu) ilikuwa ndogo, anaongeza nyingine. Hapo ndipo methanoli yote, ile spiriti inayochanganywa na mafuta, inapopotea bure.

Kwa kweli maji yenyewe ndiyo mchawi. Maji yakikutana na kostiki ndani ya mafuta, yanayavunja na kuyafanya asidi, asidi inakula kostiki, inabaki sabuni. Sabuni hiyo hushika dizeli na gliserini (uto mzito unaojitenga na dizeli) pamoja, hazitengani tena.

Mafuta yakitoka kwenye kikamulio, yachuje, yapashe moto hadi nyuzi 60 kwa dakika 15, kisha yaache pipani saa 24. Chota ya juu. Lita mbili za chini ziache hapo hapo, hata roho ikikuuma. Yachemshe tena taratibu mpaka nyuzi 110, ukikoroga, hadi mapovu yakome. Usifunike yakiwa ya moto! Mvuke hugonga kifuniko na kurudi matone, umefanya kazi bure. Pima kwa kijiko kimoja kwenye kikaango cha moto: yakilia pa-pa-pa, bado yana maji.

Kostiki nayo hunyonya unyevu wa hewa. Chembe zilizoanza kunata usizitumie. Na tuachane na kipimo cha kijiko cha chai. Tafuteni mizani ya gramu, hata ya sonara.

Kwa lita 20 za mafuta, methanoli ni lita 4 na kostiki ya msingi gramu 70. Nyongeza inategemea asidi ya mafuta yako, si ya jirani. Yeyusha gramu 1 ya kostiki katika lita 1 ya maji safi. Changanya mililita 1 ya mafuta na mililita 10 za isopropanoli (aina nyingine ya spiriti), tia tone la maji ya binzari ya manjano, kisha dondoshea ile kostiki kwa bomba la sindano mpaka rangi igeuke nyekundu na kukaa hivyo. Kila mililita uliyotumia ni gramu 20 zaidi kwenye pipa lako. Zikifika tano, mbegu zilivundikwa mbichi. Mafuta hayo pikieni sabuni kwa makusudi.

Mimina kostiki ndani ya methanoli, nje penye upepo, mbali na moto, katika chombo cha plastiki kigumu. Sufuria ya alumini italiwa na kutoa gesi inayolipuka. Methanoli ikinywewa hupofusha na kuua, na mvuke wake si wa kuvuta. Mafuta yakiwa nyuzi 55 ndipo uchanganye na methanoli hiyo yenye kostiki, ukoroge saa nzima. Yakipita 64 methanoli inachemka na kupotea.

Kesho yake gliserini nyeusi iko chini, dizeli ya njano juu. Ioshe kwa maji mara tatu, na maji hayo nayo yatoe yote: ikaushe kwa moto kama ulivyokausha mafuta kabla haijafika kwenye tangi, maana pampu na nozeli hazivumilii kutu.