Namna ya Kulisoma Neno la Kigiriki "Brefosi" katika Agano Jipya

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hukutana na "watoto wachanga" katika 1 Wakorintho 3:1 na tena katika 1 Petro 2:2, na kwa kuwa kote kuwili yanatajwa maziwa, ni rahisi kudhani kwamba Paulo na Petro wanasema jambo moja. Sivyo. Paulo ametumia nepiosi, mtoto asiyekomaa, na anawakemea Wakorintho kwa kubaki katika hali hiyo. Petro ametumia brefosi, mtoto mchanga kabisa, naye anawahimiza wasomaji wake wayatamani maziwa kama anavyoyatamani aliyezaliwa sasa hivi. Kwa hiyo, kabla ya kuandaa somo lolote, tazama kwanza Agano Jipya la Kigiriki, au itifaki, yaani orodha ya maneno ya Biblia na mahali yalipo, inayoonyesha maneno ya asili, ujue ni neno lipi uliloliona.

Brefosi limo mara 8 tu, basi zisome zote kwa kikao kimoja. Mara 6 ni za Luka: katika Injili yake 1:41 na 44 ni Yohana angali tumboni mwa Elisabeti, 2:12 na 16 ni Yesu horini, 18:15 ni watoto walioletwa ili awaguse, na katika Matendo 7:19 ni wale waliotupwa zama za mfalme wa Misri. Hapa usiharakishe, kwani Luka amemwita kwa neno lile lile aliye tumboni na aliyekwisha kuzaliwa. Katika 2 Timotheo 3:15 tafsiri ya Muungano inasema "tangu utoto", ilhali Kigiriki kinarudi nyuma zaidi, hadi kwenye uchanga wenyewe.

Kisha lilinganishe na paidioni, neno jingine la Kigiriki la mtoto. Mkulima wa Pemba hawezi kukiita kidaka dafu, wala dafu koroma, kwa sababu kila hatua ya nazi ina jina lake. Brefosi nalo hubana namna hiyo, lakini paidioni halibani. Katika Marko 5 ni binti wa miaka 12, na katika Luka 1:59 ni Yohana wa siku nane. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuthibitisha kwamba Yesu alikuwa amekwisha kukua mamajusi walipofika, asiegemee paidioni la Mathayo 2:11, maana neno hilo peke yake haliwezi kuubeba uzito huo.

Unapowafundisha watu wa Unguja, mimi naona heri kutumia "kitoto kichanga", kama ilivyo katika Luka 1:41. Wazee wetu humwita mtoto huyo "malaika", nami nalipenda sana jina hilo, ila katika Luka 2:12 anayewapa wachungaji habari za mtoto ni malaika wa Bwana, na wasikilizaji wako watashindwa kujua ni yupi unayemkusudia.