Jinsi ya kuchagua tochi ya kalamu kwa kazi ya wodini na matumizi ya nyumbani

Ukiingia dukani na kuulizia tochi ndogo ya mfukoni, muuzaji atakuwashia ile kali kuliko zote, tena ikibidi akumulike nayo usoni. Kwa mlinzi wa getini hiyo ni sifa. Kwa muuguzi, tabibu au mwanafunzi anayeanza mafunzo kwa vitendo wodini, ni kasoro. Tochi ya umbo la kalamu inanunuliwa kwa ajili ya kutazama mboni (lile tundu jeusi katikati ya jicho), koo, mdomo na ngozi kwa karibu. Kazi za nyumbani, kama kusoma mita ya LUKU umeme ukikatika au kutafuta tundu la kufuli, itazifanya tu bila kuombwa.

Hatua ya 1: Angalia mwanga wake wa chini

Chagua tochi yenye viwango viwili vya mwanga au zaidi, na hakikisha inaanza kuwaka kwa kile cha chini. Zipo zinazoanza na mwanga mkali ndipo ubonyeze tena kupunguza. Hizo ziache, maana ule mweko wa kwanza unaingia kwenye jicho la mgonjwa kabla hujapunguza. Mimi kwa mboni naona lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 10 hadi 30 zinatosha. Ukifika mia na kuendelea, mgonjwa anafumba macho na kugeuza kichwa, na kipimo chako kimeishia hapo.

Najua kwa nini wengi hukimbilia mwanga mkali. Wagonjwa wetu wengi wana macho ya kahawia iliyokolea, na kwenye wodi yenye giza ukingo wa mboni hauonekani vizuri. Dawa yake ni pembe. Usimulike kutoka mbele. Leta tochi kutoka pembeni, usawa wa kipaji cha uso karibu na sikio, halafu isogeze taratibu kuelekea jicho huku mgonjwa akitazama mbali, ukutani. Mwanga unaopita kiubavu unaonyesha mikunjo ya lile duara la kahawia, na mboni inajitenga yenyewe katikati. Mwambie atazame mbali kwa sababu akiitazama tochi iliyo karibu mboni zitajibana tu, hata bila mwanga.

Na kabla hujawasha chochote, tazama ukubwa wa mboni kwa mwanga wa chumba. Mtu aliyekunywa dawa ya kuulia wadudu ya shambani huweza kuja na mboni ndogo kama tundu la sindano. Ukianza na tochi, hutajua zimebanwa na sumu au zimebanwa na wewe.

Hatua ya 2: Pima rangi ya mwanga

Hapa tochi za bei ya chini ndipo zinapoangukia. LED nyingi za bei poa hutoa mweupe unaoelekea samawati, na chini ya mwanga huo koo jekundu linaonekana limefifia na midomo ya mtu mwenye afya inaonekana ya kijivu. Balbu za zamani zenye mwanga wa njano zina tatizo la upande wa pili: koo linaonekana vizuri, lakini umanjano mdogo kwenye weupe wa jicho unamezwa. Ninayoipendelea ni mweupe wa kati, kama kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 4000 hadi 5000, wenye kiwango cha usahihi wa rangi, kile kinachoandikwa CRI, cha 90 au zaidi. Hata hivyo, mgonjwa unayemshuku manjano mpeleke dirishani mchana umtazame tena. Hakuna tochi inayoshinda mwanga wa jua kwa kazi hiyo.

Kama pakiti haina maandishi, mulika kiganja chako na sehemu ya ndani ya mdomo wa chini. Rangi ikibaki ile unayoijua, sawa. Ikionekana kama nyama iliyotoka kwenye friji, rudisha.

Hatua ya 3: Tazama doa ukutani

Mulika ukuta ulio karibu. Unataka duara moja lililosambaa sawasawa, lisilo na kivuli katikati wala pete pembeni, kwa sababu kivuli hicho kitaangukia mboni. Kisha itazame tochi kupitia kamera ya simu. Mistari myeusi ikipita kwenye skrini, mwanga unapepesa, na utakuchosha macho.

Hatua ya 4: Betri

Chukua inayotumia betri za AAA, zile za rimoti. Zinapatikana hadi duka la mtaani usiku. Tochi za betri ndogo za duara kama za saa sizipendekezi kabisa, hasa wodi ya watoto na nyumba yenye mtoto anayetambaa: betri hiyo ikikwama kwenye umio inaweza kuunguza ndani ya saa 2.

Ukitaka kutumia betri za kuchaji, kumbuka kila moja hutoa volti 1.2 na si 1.5. Mbili zinakupa 2.4, na LED nyeupe huhitaji karibu 3, kwa hiyo tochi isiyo na sakiti ya kupandisha umeme itafifia nazo. Ipo pia betri ya lithiamu yenye umbo lilelile la AAA, namba 10440, yenye volti 3.7. Usiitie kwenye tochi isiyotengenezwa kwa ajili yake, utaunguza LED. Za kuchajiwa kwa waya wa simu ni nzuri, mradi betri yake inatoka. Iliyofungiwa ndani ikiisha katikati ya zamu ya usiku, unabaki na kalamu isiyoandika.

Hatua ya 5: Swichi na mwili

Swichi ya nyuma inayowaka ukiibonyeza kidogo na kuzima ukiiachia ndiyo bora. Zile zinazowaka kwa kubana kishikizo cha mfukoni hujiwasha zenyewe ukiinama. Mwili uwe laini, usio na mifereji mingi, ufutike kwa spiriti ya asilimia 70. Usiitumbukize kwenye maji ya jiki, aluminiamu huliwa. Ukienda likizo, toa betri zisije zikavujia ndani.

Tochi ikiwa na vile viduara vya kupimia mboni vilivyochapwa ubavuni, kuanzia milimita 2, ni vizuri, ila vipime kwanza kwa rula. Kisha andika namba kwenye faili badala ya "kawaida": kulia 3, kushoto 3, zote zinajibu mwanga, yaani zinajibana zikimulikwa.