Unataka kununua nyumba Dodoma uwe unapangisha kwa siku? Angalia haya kwanza

Sa hivi watu wengi wananunua nyumba Dodoma, mtu yuko zake Dar au Mwanza anasema nikija likizo nitalala kwangu, siku zingine naiweka Airbnb, ule mtandao wa kupangisha nyumba kwa siku, inajilipa yenyewe. Wazo ni zuri kabisa ila kabla hujampa dalali hata shilingi naomba ukae chini upige hesabu ya siku ambazo nyumba itakaa tupu, mana hapo ndo wengi wanaumia.

Dodoma inaenda na Bunge. Bunge la bajeti linaanza Aprili mpaka mwisho wa Juni na kipindi hicho vyumba vinatafutwa kweli kweli, alafu kuna vikao vingine vifupi vya wiki mbili tatu, semina za wizara, na mahafali ya vyuo. Nje ya hapo mji unapoa. Mwaka wa uchaguzi ndo kabisa, Bunge linavunjwa na wabunge wanarudi majimboni kuomba kura, kwaiyo ukipiga hesabu kwa bei ya mwezi wa tano ukazidisha mara kumi na mbili umejidanganya mwenyewe. Na treni ya SGR nayo tangu ianze kufika Dodoma 2024 imeleta wageni lakini pia imepunguza usiku, mtu anapanda asubuhi Dar anafanya kikao anarudi jioni hiyo hiyo. Tuseme unalaza kwa 80,000 na unapata siku 12 kwa mwezi, hiyo ni 960,000, toa LUKU, maji, intaneti, dada wa usafi, mlinzi, komisheni ya mtandao na kodi, alafu linganisha na ambacho mtumishi angekulipa kwa mwezi akiishi humo mwenyewe bila wewe kusumbuka. Kama tofauti ni ndogo basi pangisha kwa mwezi tu.

La pili ni maji, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mitaa mingi ya Dodoma maji ni ya mgao, yanakuja siku fulani na siku zingine hola. Usimuulize dalali, muulize jirani, tena mama anayeuza genge hapo nje, maji yanatoka siku zipi na saa ngapi. Nyumba ya wageni inataka simtanki ya kutosha chini, pampu, na nyingine juu ya mnara, na namba ya boza la kuaminika. Alafu maeneo mengi maji yana chumvi, angalia kichwa cha shawa kama kina ukoko mweupe kwenye matundu na fungua bomba la moto uone linavyotoka, mana chumvi hiyo hiyo inaua hita na mashine ya kufulia, na mgeni akikosa maji ya kuoga mwezi wa sita au wa saba na ule upepo wa baridi wa asubuhi atakuandikia vibaya na nyota zako zinashuka.

Kuta pia zikague. Kuna sehemu udongo wake unavimba mvua ikinyesha na unasinyaa kiangazi, nyufa zinapanda kuanzia kwenye msingi, mwenye nyumba anapiga rangi anauza. Nenda na fundi wako, sio wa muuzaji.

Hati: usiridhike na kuonyeshwa karatasi, Dodoma bado kuna watu wana makaratasi ya enzi za CDA, ile mamlaka iliyokuwa inagawa viwanja Dodoma, iliyovunjwa 2017 kazi zake zikaenda halmashauri, kwaiyo fanya search ofisi ya ardhi ujue mmiliki ni nani na kama kuna mkopo wa benki umekaa juu yake. Nyumba ya familia mwenza wa muuzaji lazima aridhie, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo, mtake aje asaini mwenyewe mbele ya wakili. Leseni na kodi nenda Jiji na TRA uulizie kabla hujaanza, na jitambulishe serikali ya mtaa ili majirani wasishangae sura mpya kila wiki.

Mwisho ni nani atakaa na funguo. Ukiwa mbali usimpe ndugu kwa sababu tu ni ndugu, mpe mtu anayeishi karibu, mlipe kwa kila mgeni anayetoka, na mkubaliane kwa maandishi kazi yake ni ipi. Vumbi la Dodoma halina mchezo, nyumba ikikaa siku tatu tu imefungwa ukipitisha kidole mezani kinatoka chekundu, kwaiyo inafutwa siku anayoingia mgeni, sio jana yake, na mashuka yawe seti tatu kwa kila kitanda, moja kitandani, moja kwenye kufua, moja kabatini. Na kabla hujapiga picha za kuweka mtandaoni, lala humo mwenyewe siku mbili tatu, oga, pika, washa kila kitu, sikiliza kama kuna baa jirani inapiga mziki mpaka saa nane usiku.