Gitaa la umeme ukubwani, na ampu utakayoiwasha kila siku

Nianze na kosa langu mwenyewe ili we usilirudie. Gitaa la umeme nimelianza nikiwa mtu mzima kabisa, kazi, familia, mgongo unaouma, na kwa vile kichwani nilikuwa nimeshapanda jukwaani kitambo, nikanunua na ampu, lile boksi la kukuza sauti ya gitaa, ya wati 100 yenye spika mbili za inchi 12. Dude kama friji. Siku ya kwanza nimeichomeka, nikagusa volyumu kidogo tu, yani kidogo ile ya kuogopa, madirisha yakatetemeka na mtoto akaamka analia. Tangu hapo kila nikitaka kushika gitaa inabidi kwanza nipige hesabu, nani kalala, nani yuko kwenye simu, sa hivi saa ngapi, mwisho wake gitaa likawa linakaa kwenye kona wiki nzima halijaguswa. Nikajiona mvivu. Kumbe wala, nilinunua ampu ya ukumbi nikaiweka chumbani.

Kwa hiyo ukiniuliza ampu gani nzuri ya mazoezi kwa mtu anayeanza ukubwani, jibu langu ni moja: ile unayoweza kuiwasha saa nne usiku, umechoka, watu wamelala, na ndani ya nusu dakika unapiga. Jina la kampuni, rangi, wingi wa vitufe, hayo yanafuata nyuma huko.

Wati zinadanganya

Wengi wanadhani wati 100 zina kelele mara kumi ya wati 10. Hapana, sikio halihesabu hivyo. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, utazisikia ndio ila sio kivile, na ukizidisha mara kumi unaongeza desibeli 10, ambazo kwa masikio ya wengi ni kama sauti imekuwa kubwa mara mbili. Maana yake ampu ya wati 10 ni nusu ya ile ya 100, na hiyo nusu inatosha kabisa kukugombanisha na jirani. Chumbani wati 5 mpaka 20 zinatosha na zinabaki.

Spika ndo ya kuangalia zaidi. Zile ndogo za inchi 3 au 4 mara nyingi zinalia kama redio ya mfukoni (zipo za kidijitali zinazojua kudanganya sikio vizuri, ila jaribu kwanza usiamini maneno), inchi 6 na nusu afadhali, inchi 8 hapo gitaa linaanza kuwa na kifua.

Halafu aina. Kuna ampu za valvu, zile zenye vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama redio za zamani. Watu wanazipenda kwa sababu ukizisukuma zinakwaruza vizuri, sauti ina nyama, lakini neno hapo ni ukizisukuma, na ampu ya valvu hata ya wati 15 kuisukuma mpaka ianze kukwaruza ni kelele ya harusi. Tena ni nzito, valvu zinachakaa zinabadilishwa, ukiiwasha bila spika kuunganishwa unaweza kuunguza transfoma yake, na ndani yake kuna kapasita zinazotunza mamia ya volti hata ukishachomoa waya ukutani, kwa hiyo usije ukaifungua na bisibisi yako ya jikoni ati unaangalia kuna nini. Za transista ni nyepesi, ngumu kufa, sauti klini, yani safi isiyo na mkwaruzo, nzuri tu, ila ukiongeza mkwaruzo nyingine zinalia kama nyuki ndani ya kopo. Za kidijitali zinaiga sauti za ampu nyingine kwa kompyuta ndogo iliyo ndani, familia ya Boss Katana, Fender Mustang, Yamaha THR na wenzao, na kwa mtu mzima wa chumbani mimi nakushauri huku. Sababu sio kwamba zina sauti tamu kuliko valvu, sababu ni kwamba zinalia vizuri zikiwa chini.

Ubaya wake ni mmoja na umenilia jioni nyingi sana. Unapewa sauti thelathini, arobaini, mwangwi wa pango, mwangwi wa springi, sijui nini, unakaa saa nzima unazungusha vitufe halafu unaenda kulala hujapiga hata wimbo mmoja. Chagua sauti mbili. Moja klini, moja chafu. Zihifadhi, nyingine jifanye huzioni kwa miezi mitatu.

Vitu vya kukagua kabla hujatoa hela

Tundu la hedifoni, hili halina mjadala, kama haina iache. Ukichomeka hedifoni spika inyamaze yenyewe, nyingi zinafanya hivyo. Pili iwe na geini na volyumu kuu mbali mbali, kwa sababu geini ndo inatia mkwaruzo na volyumu kuu ndo inaamua kelele inayotoka, zikiwa kitufe kimoja basi ukitaka sauti chafu lazima uwaamshe watu. Tatu, njia ya kuingiza muziki kutoka kwenye simu ili upige juu ya wimbo, iwe kwa waya au bluetuthi, vyote sawa. Ila hedifoni zako mwenyewe zisiwe za bluetuthi! Hapa watu wanapotea sana. Ile safari ya sauti hewani inaweza kuchelewa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, ukiangalia filamu huoni tatizo kwa sababu picha inaweza kusubiri sauti, lakini ukipiga uzi na sauti inakuja baadaye utadhani mkono wako umeharibika. Tumia za waya.

Ukienda kujaribu, usikubali muuzaji akupigie yeye. Yeye anajua, kila kitu kitalia vizuri mikononi mwake. Piga mwenyewe hata kama unajua nyuzi mbili tu, weka sauti klini, volyumu ya chini kabisa ile ya usiku, sikiliza kama bado ina uhai au imekuwa nyembamba kama karatasi. Halafu acha kupiga, nyamaza, sikiliza mvumo. Kidogo ni kawaida. Ukiwa mkubwa, zungusha volyumu ya gitaa mpaka sifuri, mvumo ukiisha basi unatokea kwenye gitaa au mazingira, ukibaki vilevile ampu ndo yenye neno.

Na kebo, kebo ya gitaa ni ile yenye jeki ya milimita 6.35 na ndani imezungushiwa wavu wa kuzuia mawimbi. Kebo ya spika inafanana nayo nje lakini haina huo wavu, ukiitumia kwenye gitaa utavuna mvumo na redio za watu. Mita 3 zinatosha.

Gitaa lenyewe, kwa ufupi

Utasikia habari za pikapu, sio gari, ni zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba chini ya nyuzi ambazo ndo zinasikia mtikisiko na kuugeuza umeme. Zenye koili moja, yani mzunguko mmoja wa huo waya, zinalia kwa uangavu, zinang'aa, ila zinadaka mvumo wa umeme wa ukutani. Zenye koili mbili zimefungwa kwa kupingana ili mvumo ujifute, sauti inakuwa nene zaidi. Ukishindwa kuamua chukua gitaa lenye zote mbili, yapo mengi.

Daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye bodi, liwe lile lililokazwa lisilocheza. Yale madaraja yanayoelea na mkono wa kuyumbisha sauti ni mazuri kwa mtu anayejua, ila ukikatika uzi mmoja tu nyuzi zote zinatoka kwenye tyuni, na mtu mpya kutyuni kitu kile ni kilio. Nyuzi anza na nyembamba, seti ya namba 9, yani ule uzi mwembamba kuliko wote una inchi 0.009, vidole vitakushukuru. Halafu mpe fundi alirekebishe. Nasisitiza hapa kwa sababu watu wengi wanaacha gitaa wakidhani hawana kipaji kumbe nyuzi zimekaa juu kama kamba za kuanikia nguo. Pima pale freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa), ule uzi mnene ukiwa juu ya freti kwa milimita 2 hivi uko vizuri, ukikaribia milimita 3 unateseka bure.

Sasa kujifunza

Tyuni kwanza, kila siku, hata kama jana ulityuni. Kuanzia uzi mnene kwenda mwembamba ni E, A, D, G, B, E, na programu ya simu ya bure inatosha. Gitaa lisilo kwenye tyuni linafundisha sikio uongo.

Vidole vitauma wiki mbili, tatu, halafu ncha zitaota sugu na utasahau. Usipige mpaka ngozi ichanike, ukiumia sana pumzika kesho, sugu haioti kwenye kidonda. Lakini maumivu ya kiganja au kifundo cha mkono ni habari nyingine, hayo sio ya kuvumilia, mara nyingi unabana shingo kwa nguvu kama unamkaba mwizi. Jaribu hivi: weka kidole juu ya uzi bila kubonyeza, piga, utasikia tok. Ongeza nguvu kidogo kidogo mpaka noti ilie safi. Hiyo ndo nguvu yote inayohitajika, na utashangaa ilivyo ndogo. Kidole kikae nyuma kidogo tu ya chuma cha freti, karibu nacho, ukiweka katikati mbali na chuma uzi unalia zzz badala ya noti safi.

Kodi za kwanza, yani noti kadhaa zinazolia pamoja, chukua E maina, A maina, D meja, G meja. Usijifunze kodi kumi, jifunze kuhama. Weka saa ya simu dakika moja, hama kutoka E maina kwenda G na kurudi, hesabu mara ngapi umefanikiwa, andika. Leo 8, wiki ijayo 20, ukifika 40 wimbo unapigika. F ile ya kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote iache kwanza, itakuja yenyewe.

Kitu ambacho gitaa la umeme linakudai kuliko lile la mbao ni kunyamazisha. Kwenye ampu kila uzi unaougusa kwa bahati mbaya unalia, ukiweka mkwaruzo ndo kabisa, inakuwa vurugu. Kwa hiyo nusu ya kazi ya mikono yako ni kupiga noti, nusu nyingine ni kuzuia zile usizozitaka: ubavu wa kiganja cha kulia unalala taratibu kwenye nyuzi nene karibu na daraja, na vidole vya kushoto vinagusa nyuzi za jirani bila kubonyeza. Hii hakuna aliyeniambia mwaka mzima.

Ndo maana mazoezi mengi yafanye kwenye klini. Mkwaruzo unaficha makosa ya mkono, noti dhaifu inasikika imara, unajidanganya. Dakika kumi na tano klini na metronomu (kile kinachokugongea mapigo) kwenye 60 kwa dakika, polepole mpaka inaboa, halafu dakika tano za mwisho washa sauti chafu upige unachotaka, hata kama ni fujo, hiyo ndo pipi yako. Ishirini kila siku zinashinda saa mbili za Jumapili, kwa sababu mkono unajifunza ukiwa umelala, unahitaji usiku mwingi katikati.

Na usiniambie umechelewa. Wes Montgomery, mmoja wa wapiga gitaa wakubwa wa jazi, alilishika gitaa la nyuzi sita kwa dhati akikaribia miaka 20, na inasimuliwa kwamba alizoea kupiga kwa kidole gumba badala ya piki, kile kibao kidogo cha kupigia nyuzi, ili asiwasumbue watu usiku. Ile sauti ya gumba ndo ikawa alama yake. Alikuwa na tatizo lako hili hili, ila yeye hakuwa na tundu la hedifoni.

Hedifoni zenyewe zina mtego mmoja, volyumu inapanda bila wewe kujua. Iweke sehemu ambayo mtu akikuita jina ukiwa umezivaa unasikia, ukikuta masikio yanalia nziii baada ya mazoezi ulikuwa juu mno.

Mambo madogo ya mwisho. Gitaa likae nje kwenye stendi, sio ndani ya begi, begi lina zipu na zipu ni kisingizio. Ampu ikae na kebo yake ishachomekwa, ukimaliza shusha volyumu kwanza ndo uchomoe, la sivyo utasikia ule mlio wa pah utakaoamsha nyumba. Kebo ichomoe upande wa gitaa kama pikapu zako ni zile zenye betri ndani, maana nyingi zinaendelea kula betri muda wote jeki imo.

Ile ya wati 100 nilimuuzia jamaa mwenye bendi. Ukianza kupiga na mtu wa ngoma ndo utaihitaji kubwa, kwa sababu ngoma haina kitufe cha volyumu na ampu ndogo ya wati 10 pale inamezwa kirahisi, ila mpaka siku hiyo ifike utakuwa unajua mwenyewe unataka sauti gani.